Marufuku Isiyoandikwa: Warren Moon na Nafasi ya Kufikiri

Muhula uliopita, mwanafunzi mmoja wa somo la mbinu za utafiti wa historia aliniuliza swali ambalo sikulijibu vizuri. Siku hiyo tulikuwa tukizungumzia sheria za ubaguzi wa rangi za Afrika Kusini, ambazo zina wepesi mmoja kwa mwanahistoria: ziliandikwa. Zina namba, zina tarehe, zina sahihi za wakubwa. Mwanafunzi akasema, "Mwalimu, na pale ambapo hakikuandikwa kitu? Mtu akinyimwa nafasi bila barua, bila kanuni, bila hata neno kali, mtafiti atashika nini mkononi?" Nilimjibu kwa maneno ya jumla kuhusu masimulizi ya mdomo, muda wa kipindi ukaisha, tukatawanyika.

Nimelitafakari swali hilo tangu siku ile, na jibu nimelipata mahali ambapo wasomaji wangu wengi hawatalitarajia: katika futiboli ya Kimarekani, mchezo wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Nimeuchagua kwa makusudi. Michezo ni uwanja unaojisifu kwa haki. Alama huhesabiwa hadharani, saa huonekana na wote, na kila pasi ya mchezaji huandikwa kwenye vitabu vya takwimu. Kama ubaguzi usioandikwa unaweza kustawi mahali penye ushahidi wote huo wa uwezo, basi hatuna sababu ya kudhani kwamba hauwezi kustawi ndani ya ofisi, ambako uwezo wa mtu haupimwi kwa saa wala kwa yadi.

Mtu nitakayemfuata ni Warren Moon, aliyecheza nafasi ya kwotabeki kwa miaka 23 katika nchi mbili.

Kwa asiyeujua mchezo huu, maelezo mafupi yatafaa. Timu inayoshambulia hupewa majaribio manne ya kuusogeza mpira yadi 10. Kila jaribio huanza na mpango. Kwotabeki ndiye anayeupokea mpango huo kutoka kwa kocha, kuwaeleza wenzake kumi waliomzunguka, kisha kuwatazama walinzi wa upande wa pili na kuubadilisha papo hapo akihisi mtego. Mpira ukishafika mikononi mwake ana sekunde chache tu za kuamua: amrushie nani, akimbie nao, au autupe nje ili asiangushwe. Wengine hukimbia, huzuia na hudaka, yeye huamua. Ndiye anayeshika usukani wa chombo.

Kwa hiyo, katika nchi iliyojengwa kwa kazi ya watumwa, swali la nani acheze kwotabeki halikuwa swali la michezo peke yake. Lilikuwa swali la nani anaaminika kufikiri, na nani anaweza kuwaamuru wenzake, wakiwemo weupe, nao wakatii.

Historia ya marufuku hii ina sehemu mbili. Katika miaka ya 1920, ligi ambayo leo inaitwa NFL ilikuwa na wachezaji weusi wachache, akiwemo Fritz Pollard, ambaye alifika hata kuwa kocha. Lakini kuanzia msimu wa 1934 hadi ule wa 1945 hakucheza mtu mweusi hata mmoja. Hakuna kanuni iliyotangazwa. Baadhi ya wamiliki wa timu walikana katakata kwamba yalikuwapo makubaliano yoyote. Ukuta huo ulivunjwa mwaka 1946, pale timu ya Rams ilipohamia Los Angeles na kutaka kutumia uwanja wa Coliseum, ambao ni mali ya umma. Waandishi wa habari weusi wa mji huo waliwauliza wasimamizi wa uwanja swali rahisi: je, kodi za watu weusi zitumike kwa timu isiyowataka? Rams wakawasajili Kenny Washington na Woody Strode. Msomaji azingatie kwamba mlango ulifunguliwa na shinikizo la raia, na shinikizo hilo lilipata pa kushikia kwa sababu uwanja ulikuwa wa umma.

Sehemu ya pili ilianza baada ya mlango kufunguliwa. Mtu mweusi aliruhusiwa kuingia, lakini ndani alielekezwa pa kukaa. Alipewa nafasi za mbio na nguvu. Nafasi za katikati ya uwanja, zile za kuratibu na kuamua, zilibaki kwa weupe. Mwaka 1970, wanasosholojia John Loy na Joseph McElvogue walichapisha utafiti uliohesabu jambo hilo katika futiboli na katika besiboli, na hesabu yao ilionyesha wazi kwamba kadiri nafasi ilivyokuwa karibu na kitovu cha maamuzi ya timu, ndivyo watu weusi walivyopungua.

Mfano wa hali hiyo ni Marlin Briscoe. Alikuwa kwotabeki hodari katika chuo cha Omaha, jimbo la Nebraska, lakini mwaka 1968 timu ya Denver ilimchukua awe mlinzi wa nyuma. Briscoe aliomba jambo moja kabla ya kusaini: apewe siku chache za majaribio katika nafasi yake. Msimu ulipoanza, makwotabeki wa Denver wakaumia au wakashindwa, na ikabidi Briscoe aingizwe. Alitoa pasi 14 za kufunga katika msimu wake huo wa kwanza. Mwaka uliofuata, Denver haikumpa nafasi ya kugombea namba aliyokuwa ameishika. Aliondoka akaenda Buffalo, ambako aligeuzwa kuwa mpokeaji pasi. Alikuwa mpokeaji mzuri sana, na baadaye alikuwa katika kikosi cha Miami cha mwaka 1972 kilichomaliza msimu bila kufungwa. Lakini hakupata tena kuwa kwotabeki wa kuanza mechi. Hakuna aliyemfukuza kwa sababu ya rangi. Hakuna barua. Kuna mtu tu aliyefanya kazi vizuri, kisha akahamishiwa kazi nyingine.

Katika mazingira hayo ndimo alimokulia Warren Moon. Alizaliwa Los Angeles mwezi Novemba 1956. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka saba, na mama yake, aliyekuwa muuguzi, akabaki na watoto saba, Warren akiwa mtoto wa kiume pekee kati ya mabinti sita. Alijifunza kupika, kushona na kupiga pasi nguo mapema. Shuleni alicheza kwotabeki, na alipomaliza, vyuo vikuu kadhaa vilimtaka, lakini kwa sharti moja: abadilishe nafasi. Moon alikataa. Badala ya kwenda chuo kikubwa kucheza nafasi ya mwingine, alikwenda chuo kidogo cha miaka miwili, West Los Angeles College, ili acheze nafasi yake, halafu akapeleka ushahidi wa mechi zake kwa makocha waliokuwa tayari kutazama.

Don James, kocha mpya wa Chuo Kikuu cha Washington huko Seattle, alikuwa tayari. Alimpa Moon nafasi mwaka 1975. Timu ilipokuwa inashindwa, mashabiki wa nyumbani walimzomea kijana huyu, na kocha hakumwondoa. Ninaomba tumkumbuke James, kwa sababu katika masimulizi ya aina hii huwa tunamtaja shujaa na kumsahau aliyeshika mlango. Tarehe 2 Januari 1978, Washington iliishinda Michigan 27 kwa 20 katika mechi ya Rose Bowl, mojawapo ya mechi kubwa kabisa za vyuo vikuu, na Moon akachaguliwa kuwa mchezaji bora wa siku hiyo.

Miezi michache baadaye ukafika uteuzi wa mwaka, ile shughuli ambamo timu za NFL huita kwa zamu majina ya vijana zinazowataka. Katika uteuzi wa Mei 1978, timu 28 ziliita jumla ya majina 334. Jina la Warren Moon halikuitwa.

Hapa ndipo mwanahistoria anapopaswa kwenda polepole. Mtetezi wa ligi anaweza kusimama na kusema: Moon alikuwa amekwisha saini mkataba na timu ya Edmonton ya Kanada wiki kadhaa kabla ya uteuzi, kwa hiyo hakukuwa na sababu ya kumwita. Hilo ni kweli. Nyaraka zinamuunga mkono mtetezi huyo. Lakini tuulize swali linalotangulia: kwa nini kijana aliyetoka kuwa mchezaji bora wa Rose Bowl aikimbie ligi tajiri kuliko zote kabla hata ya kusubiri siku ya kuitwa? Kwa sababu alikuwa amekwisha kuambiwa na wapekuzi wa vipaji yale yale aliyoambiwa akitoka sekondari: afikirie nafasi nyingine, au asitarajie kuitwa mapema. Marufuku isiyoandikwa hufanya kazi namna hii. Haimfukuzi mtu, humshauri. Mtu akiufuata ushauri, anahesabiwa kuwa amebadili nafasi kwa hiari yake. Akiukataa na kuondoka, anahesabiwa kuwa ameondoka kwa hiari yake. Kwa vyovyote vile, faili linabaki safi.

Orodha ile ya 1978 ina majina mengine mawili yanayostahili kutazamwa. La kwanza ni Doug Williams wa chuo cha Grambling State, chuo cha watu weusi huko Louisiana, aliyeitwa wa 17 na timu ya Tampa Bay. Mtetezi wa ligi atalishika jina hilo na kusema, si mnaona, kwotabeki mweusi aliitwa mapema? Ndiyo, aliitwa. Aliichukua timu iliyokuwa imeshinda mechi mbili tu katika misimu miwili na kuifikisha kwenye hatua ya mtoano. Alipoomba alipwe kama makwotabeki wenzake walioanza mechi, hawakukubaliana, akaiacha NFL na kuhamia ligi nyingine. Mlango ulifunguliwa, lakini ujira wa aliyeingia ulikuwa wa mtu anayetakiwa kushukuru.

Jina la pili ni la Bill Kenney, kwotabeki mweupe kutoka chuo kisicho na umaarufu. Aliitwa wa 333, yaani amebaki mmoja tu orodha ifungwe. Simtaji ili kumdharau. Baadaye alikuja kuwa kwotabeki mzuri wa Kansas City, na mwaka 1983 alivuka yadi 4,000 za pasi. Namtaja kwa sababu hiyo hasa. Timu ilipobakiwa na nafasi ya mwisho, nafasi ambayo haikuigharimu chochote, ilikuwa tayari kumwamini kijana asiyejulikana katika nafasi yake mwenyewe. Imani hiyo ilizaa matunda. Imani ya namna hiyo ndiyo iliyokosekana kwa vijana wengi weusi walioshauriwa wakawe wapokeaji.

Moon alikwenda Edmonton. Ligi ya Kanada ina uwanja mpana na mrefu zaidi, wachezaji 12 kwa kila upande, na majaribio matatu tu badala ya manne, hivyo timu hulazimika kurusha mpira sana. Mwanzoni alikaa nyuma ya mkongwe Tom Wilkinson, akajifunza. Edmonton ilitwaa kombe la Grey Cup mara tano mfululizo, kuanzia 1978 hadi 1982. Mwaka 1982 Moon alipita yadi 5,000 za pasi katika msimu mmoja, kiwango ambacho hakuna kwotabeki wa kulipwa aliyekuwa amekifikia kabla yake, na mwaka 1983 akafika yadi 5,648. Ndipo timu za NFL zikaanza kushindana kumpata. Mtu ambaye mwaka 1978 hakuwa na thamani ya jina la 334, mwaka 1984 alipewa na Houston mkataba uliomweka miongoni mwa wachezaji waliolipwa vizuri zaidi katika ligi nzima.

Je, alikuwa amebadilika kiasi hicho? Bila shaka alikuwa amekomaa. Lakini tofauti kati ya bei hizo mbili si kipimo cha kukomaa kwake peke yake. Ni kipimo cha ushahidi wa ziada aliotakiwa kuuleta ili aaminike. Wengine waliaminiwa kwa ahadi. Yeye aliaminiwa baada ya misimu sita ya ushahidi, iliyokusanywa katika nchi ya kigeni.

Huko Houston haikuwa rahisi. Timu ilishinda mechi tatu tu kati ya 16 katika msimu wake wa kwanza. Moon amesimulia jinsi familia yake ilivyosikia matusi ya rangi ikiwa imekaa jukwaani. Kuanzia msimu wa 1987 hadi 1993, Houston ilifika hatua ya mtoano kila mwaka. Mwaka 1990 na 1991 aliongoza ligi kwa yadi za pasi, na tarehe 16 Desemba 1990, dhidi ya Kansas City, alirusha yadi 527 katika mechi moja. Baadaye alichezea Minnesota, Seattle na Kansas City, akastaafu baada ya msimu wa 2000 akiwa na yadi 49,325 za pasi katika NFL, nafasi ya tatu katika historia ya ligi kwa wakati huo. Ukiziongeza zile 21,228 za Kanada, anapita 70,000. Mwaka 2006 aliingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa futiboli huko Canton, Ohio, akiwa kwotabeki wa kwanza mweusi kupewa heshima hiyo.

Wapo wanaoisoma habari hii kama hadithi ya faraja: tazama, kipawa hakizuiliki, mvumilivu hula mbivu. Ninaikataa tafsiri hiyo kwa sababu mbili.

Kwanza, Moon hakuokolewa na uvumilivu. Aliokolewa na kuwapo kwa mlango mwingine. Kama kusingekuwa na ligi ya kulipwa Kanada, uvumilivu wake ungemfikisha pale ulipomfikisha Briscoe. Katika kila historia ya kutengwa tunawajua wale waliopata njia ya pembeni, kwa sababu walirudi na kuhesabiwa. Wale ambao hawakuwa na njia hawakuacha takwimu za pasi. Waliacha takwimu za kudaka, au hawakuacha kitu. Anayehesabu mafanikio ya Moon bila kuwahesabu hao anahesabu meli zilizofika bandarini na kutangaza kwamba bahari ni shwari.

Pili, usawa haupimwi kwa kumtazama aliye bora. Mtu wa ajabu hupita hata katika tundu la sindano. Usawa hupimwa kwa kumtazama mtu wa wastani: je, na yeye anapewa nafasi ya kujaribu, kukosea na kujaribu tena? Mwezi Januari 1993, katika mechi ya mtoano huko Buffalo, Houston ya Moon ilikuwa inaongoza 35 kwa 3, kisha ikapoteza 41 kwa 38 katika muda wa nyongeza. Moon hakuwahi kucheza Super Bowl hata mara moja. Hayo ni mambo ya kawaida katika maisha ya mchezaji. Lakini kwa miongo mingi kosa la kwotabeki mweupe lilikuwa kosa lake, na kosa la kwotabeki mweusi lilikuwa ushahidi dhidi ya watu wake wote. Katika hotuba yake ya Canton, Moon alisema kwamba siku zote alitamani atambuliwe kama kwotabeki tu, lakini alikiri uzito wa kuwa wa kwanza. Kuwa wa kwanza ni mzigo, na mzigo huo aliubeba kila alipoingia uwanjani.

Wengi hudhani ukuta huu uliporomoka tarehe 31 Januari 1988, siku Doug Williams yule yule, aliyerudi NFL kupitia timu ya Washington, alipoishinda Denver 42 kwa 10 katika Super Bowl, akatoa pasi nne za kufunga katika robo ya pili peke yake na kuchaguliwa mchezaji bora. Mwezi Februari 2023, kwa mara ya kwanza, timu zote mbili za Super Bowl ziliongozwa na makwotabeki weusi, Patrick Mahomes na Jalen Hurts. Uwanjani, basi, hoja ile ilikuwa imeshindwa.

Lakini fikra ikifukuzwa mlangoni hurudi kwa dirishani. NFL ilifikia suluhu ya kesi kubwa na wachezaji wastaafu walioharibika ubongo kwa kugongwa vichwa, na ikatengwa fedha ya fidia. Ili kulipwa, mstaafu alipaswa kuonyesha kwa vipimo kwamba uwezo wake wa akili umeshuka. Mwaka 2020, wastaafu wawili weusi, Najeh Davenport na Kevin Henry, walikwenda mahakamani wakipinga namna vipimo hivyo vilivyosahihishwa. Fomula iliyotumika iliruhusu kudhani kwamba mtu mweusi alianza na uwezo mdogo wa akili kuliko mweupe, hivyo kushuka kwake kukaonekana kudogo na fidia ikawa ngumu kupatikana. Mwaka 2021 NFL iliahidi kuachana na fomula hiyo, na mwaka 2022 mahakama ikaidhinisha utaratibu mpya. Tazama jinsi duara lilivyofungwa. Kijana mweusi alinyimwa nafasi ya kufikiri kwa dhana kwamba akili yake haitoshi. Akapewa nafasi ya kugonga na kugongwa. Alipozeeka na ubongo umeharibika, akaambiwa hasara yake ni ndogo kwa sababu ya dhana ile ile. Safari hii haikusemwa na shabiki mlevi. Ilikuwa imefichwa ndani ya jedwali la kitaalamu.

Sisi hatupaswi kuisoma historia hii kama habari ya ugenini. Askari wa Kiafrika wa King's African Rifles walipigana hadi Burma katika Vita Kuu ya Pili, lakini Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961, wengi wa maofisa wa jeshi walikuwa bado Waingereza. Askari walipoasi Januari 1964, kuondolewa kwa maofisa hao kulikuwa mojawapo ya madai yao, pamoja na mishahara. Mwili wa Mwafrika uliaminiwa vitani. Uamuzi wake uliambiwa usubiri. Tulipojitawala tulidhani tabia hiyo imeondoka na waliotuletea. Mtumishi wa umma anayesoma makala hii na ajiulize ni mara ngapi amekaa kwenye kamati ya usaili na kusikia kwamba mwombaji fulani, pengine mwanamke, pengine mwenye ulemavu, pengine mtu wa eneo fulani, "ni mchapakazi sana, lakini afaa zaidi kule". Hakuna kanuni iliyovunjwa. Muhtasari wa kikao hautaonyesha kitu.

Sasa ninaweza kumjibu mwanafunzi wangu. Marufuku isiyoandikwa ina alama zake, na mtafiti anaweza kuzishika mkononi. Ahesabu watu, lakini asiishie kuhesabu walio ndani; ahesabu walikokaa. Awafuatilie waliofanya vizuri kisha wakahamishwa, na aangalie walihamishiwa upande gani. Alinganishe kiasi cha ushahidi ambacho kila mmoja alitakiwa kuleta kabla ya kuaminiwa. Atafute waliokwenda kung'ara kwingine, na aulize walikuwa wanakimbia nini. Na zaidi ya yote, ausikilize ushauri: nani alishauriwa nini, na nani hakushauriwa kamwe.

Wiki ijayo nitaipeleka darasani ile orodha ya Mei 1978 kama zoezi. Ina majina 334, kutoka la kwanza hadi la mwisho, na yote ni sahihi. Nitawaomba wanafunzi walitafute jina ambalo halimo, kisha waniambie lilikwenda wapi.